Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara, Kaunti ya Nakuru: usituchapishie pesa, tukubalie vocha zetu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka mtaa wa Rhonda. Mimi ni fundi wa nguo, niko na cherehani mbili na kibanda cha mabati, na nimeamua kukuandikia hapa wazi badala ya kuleta barua ofisini juu haya mambo si yangu pekee, ni ya kila mtu anauza kitu hapa mtaani.

Wacha nianze na Januari iliyopita. Unajua vile Januari huwa, karo, vitabu, viatu, pesa yote inaingia shule na mtaa unakauka kabisa. Mimi nilikuwa na deni ya 300 kwa mama mboga jirani yangu. Yeye alikuwa na deni ya 300 kwa fundi wa viatu aliyemtengenezea mtoto viatu vya shule. Na huyo fundi wa viatu alikuwa na deni yangu, hiyo hiyo 300, nilimbadilishia zipu na kumkatia suruali mbili. Karibu wiki mbili tukawa tunapitana macho chini, kila mtu anangoja apate ndio alipe. Saa kumi jioni mama anarushia sukuma maji na bado majani yanaanza kuwa manjano pembeni, fundi wa viatu ameegemea ukuta na njaa yake, mimi mashine nimeipaka mafuta hadi inang'aa na hakuna kitu ya kushona. Siku moja mama mboga akaja na ile daftari yake ya madeni, akatuita wote wawili, akaandika majina yetu matatu kwa ukurasa mmoja, tukaangalia, kisha akachukua biro akakata laini tatu. Hakuna hata shilingi moja ilitoka kwa mfuko wa mtu. Kesho yake fundi wa viatu alikuja kununua sukuma akiongea kwa sauti.

Mheshimiwa, bidhaa hatukukosa, wala kazi, wala mtu wa kuitaka. Kilichokosekana ni kile kitu kinapita mkono kwa mkono. Na hiyo daftari inafanya kazi tukiwa watatu tunaojuana, lakini tukiwa arobaini nitajuaje kama mwenye ananidai anadaiwa na nani? Hapo ndio karatasi inaingia, vocha ya mtaa, yenye wafanyabiashara wa eneo moja wamekubaliana watapokea kati yao.

Najua ukisikia hivyo utashtuka na siwezi kukulaumu. Mwaka wa 2013 pale mtaa wa Bangladesh, Mombasa, watu walianzisha Bangla-Pesa, na kabla mwezi uishe watu sita wakashikwa wakashtakiwa kwa mambo ya kughushi pesa. Mwezi wa nane mashtaka yakaondolewa. Baadaye wazo likaenda Kawangware na Kibera, likahamia kwa simu likaitwa Sarafu, na wakati wa korona likatumika na maelfu ya watu, mtaa wa Mukuru huko Nairobi ukiwa mmojawapo, Msalaba Mwekundu wakisaidia. Kwa hivyo si kitu kigeni Kenya. Mimi naona hata lile jina liliwaponza, ukiita kitu pesa Benki Kuu lazima iulize, na ni haki yake, katiba imeipa yeye kazi ya kutoa sarafu ya nchi. Sisi tuite vocha, iandikwe vocha, na isibadilishwe kwa shilingi.

Sasa sikiza hapa kwa makini juu hapa ndio watu wengi huharibu. Mama mboga hawezi kupokea vocha peke yake. Anaamka saa kumi usiku anaenda soko la Wakulima, na kule mwenye lori ametoka Bahati au Molo anataka cash. Ukimletea vocha ya 50 kwa sukuma ya 50 umemuua. Lakini kwa ile 50 kuna pesa ya kununulia na kuna jasho lake, na ile ya jasho, tuseme 15 au 20, anaweza kuichukua kwa vocha juu ataileta kwangu nimshonee. Mimi pia kitambaa na uzi nanunua cash, mkono wangu ndio wa vocha. Kwa hivyo kila mtu aandike pale mbele ya kibanda anapokea kiasi gani, na asilazimishwe zaidi. Na kila mmoja aanze na kiasi kidogo sawa na mwenzake, adhaminiwe na majirani wanne wanaofanya biashara, vile Mombasa walifanya, ndio mtu asitumie za kwake zote halafu ahame usiku.

Shida ingine ni duka la unga. Kila mtu atakimbia huko na vocha, mwenye duka atajaza droo, na unga inatoka kwa mashine ya kusaga kwa cash. Akikwama yeye, mtaa wote umekwama. Hapa ndio nakuhitaji wewe, Mheshimiwa. Kubali sehemu ya ushuru wa soko na leseni ilipwe kwa vocha, hata kama ni moja kwa kumi. Na ukizipokea usizifungie kwa kabati, lipa nazo vijana wazibue hii mitaro yetu, juu mvua ikinyesha maji inaingia hadi chini ya cherehani yangu. Hao vijana watakula kwa mama mboga na safari inaanza tena. Wörgl huko Austria mwaka wa 1932, watu wakiwa hawana kazi kabisa, meya wao Michael Unterguggenberger alilipa wafanyakazi wa barabara na noti za mji, ushuru ukawa unapokewa nazo, na kila mwezi mwenye noti alinunua stempu ya asilimia 1 ya thamani yake akaibandika, ndio mtu asiilalie. Benki kuu yao iliufunga huo mpango mwaka uliofuata. Ndio maana nasema kaunti iongee na Benki Kuu kwanza, kwa maandishi, kabla hata karatasi moja haijachapishwa.

Na naomba kaunti isiwe yenye inatoa hizo vocha. Nasema na heshima. Nilishona sare za kazi ya ofisi moja ya serikali nikangoja malipo mwaka na zaidi, nikala mtaji, nikaingia mikopo ya simu. Sitaki karatasi yangu itegemee foleni kama hiyo. Itegemee sukuma, viatu, suruali, vitu tunavyoviona kwa macho. Wewe kubali tu.

Tuko zaidi ya thelathini tumejiandikisha kwa daftari, kinyozi, wa chapati, wa kuuza makaa, dobi. Kila Alhamisi saa nane tunakutana mbele ya kibanda changu. Njoo Alhamisi yoyote, au tuma afisa wako, tutamfungulia ule ukurasa wenye laini tatu.

Wako,
Fundi wa nguo, Rhonda