Nyongeza ya kituo cha majitaka: someni kabla ya kura

Ndugu wajumbe, ombi la mkandarasi la nyongeza ya mkataba wa kituo lina mambo mawili, fedha za ziada na siku za ziada. Tuyapime mbalimbali. Maji ya ardhini yasiyotarajiwa shimoni yanaweza kustahili yote mawili. Pampu aliyochelewa kuiagiza mwenyewe haistahili hata moja. Kwa pampu ya muda ya kutoa maji shimoni, tudai daftari la kila siku: saa ilizofanya kazi, lita za dizeli, saini ya msimamizi.

Na pampu kubwa zaidi ya kituo anayoiomba? Hapo msiharakishe. Bomba likibaki lilelile, mtiririko ukiongezeka maradufu msuguano hupanda karibu mara nne. Tutalipia umeme, si maji. Kwa upande mwingine, mwendo wa majitaka ukishuka chini ya mita 0.6 kwa sekunde, mchanga hutuama bombani. Hesabu ya msuguano na mwendo haimo kwenye ombi. Aiambatishe kwanza.