Moshi wa baridi haupiki samaki, tuambizane ukweli

Ndugu Mhariri,

Hongereni na kazi. Nimesoma makala yenu ya kujitengenezea jenereta ya moshi wa baridi, yaani mashine ya kufukizia chakula, nyumbani na kwa kweli pale kwenye kuunda mashine yenyewe mmeeleza vizuri, hata mtu asiye fundi anaelewa. Shida ipo mwishoni, mlipoandika kwamba mtu akishafukiza samaki wake usiku mmoja anaweza kumning'iniza jikoni wiki nzima bila friji. Hapo hapana jamani, mtatuulia watu.

Moshi tuliouzoea sisi, wa kambare na sangara wa Ziwa Victoria au migebuka ya Kigoma, ni moshi wa moto. Kuni zipo chini ya wavu, samaki anaiva huku anakauka, maji yanamtoka, ndo maana anapakiwa kwenye matenga anafika mbali na bado analika. Huu wa baridi ni kitu kingine kabisa, moto unakaa pembeni, mdogo, hauwaki bali unafuka tu, moshi unapita kwenye bomba unafika kwenye sanduku la chakula umeshapoa, chini ya nyuzi 30, ni kama kanzu juu ya chetezo, inatoka inanukia udi lakini joto haijalijua. Samaki anayetoka humo ni mbichi. Ana rangi nzuri, ananukia, na ni mbichi.

Wanaofukiza samoni hivyo kule Norway na Scotland wanaanza na chumvi ya kutosha, alafu akitoka kwenye moshi anaingia kwenye friji moja kwa moja, na sheria za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wa kuvuliwa wa aina hiyo agandishwe nyuzi -20 kwa saa 24 ili minyoo ife. Na pamoja na yote hayo kuna bakteria anaitwa listeria ambaye anakua hata ndani ya friji, ndo maana wajawazito kule wanaambiwa wakae mbali na samaki huyo. Sasa wewe uko Mbagala mwezi wa pili, kivulini tu nyuzi 32, sanduku lako la bati limepigwa jua toka asubuhi, huo sio moshi wa baridi tena na wa moto nao haujafika, upo katikati pale pale bakteria wanapopapenda.

Hata wazee wetu hawakuutegemea moshi peke yake. Wakalenjin wa Kenya wanasugua kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuchacha, kwa mkaa wa mti wao wa senetwet, Wamasai nao wana vijinga vyao vya mzeituni pori, lakini maziwa yanakaa kwa sababu yanachacha, ule uchachu ndo unafanya kazi kubwa ya ulinzi, moshi unaongeza harufu na ladha.

Sisemi watu waache kutengeneza hiyo mashine, mimi mwenyewe ninayo na naipenda. Naishi Njombe, huku mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani, kwahiyo usiku ni wa moshi wa baridi hasa. Nafukiza jibini, chumvi ya mawe, pilipili kavu, kitunguu saumu, korosho. Jibini linataka masaa mawili matatu tu, na usile siku hiyohiyo maana linakuwa chungu hadi koo linawasha, lifunge kwenye karatasi liweke friji siku kadhaa, ule uchungu unatulia na ladha inaingia mpaka ndani. Chumvi haina masharti, hata mtu wa Dar anaweza kufukiza chumvi na pilipili na asidhurike, mngemwambia hivyo mngekuwa mmemsaidia.

Na anayetaka samaki afanye kinyume na mlivyoandika: samaki aive kwanza, moshi baadae. Kuna jiko linaitwa FAO-Thiaroye, lilibuniwa Senegal, lenyewe samaki anaivishwa kwa makaa huku kuna sinia chini linakinga mafuta yasidondokee moto, alafu moshi wa kutia ladha unaletwa toka kwenye jenereta ya pembeni ukiwa umechujwa. Yaani jenereta yenu hiyohiyo ingefaa kabisa kwa hatua ile ya mwisho. Mafuta yakidondokea makaa ndo yanatoa ule moshi wenye sumu za saratani, na Ulaya toka 2014 wamebana, benzopaireni, moja ya sumu hizo, kwenye samaki wa moshi isizidi maikrogramu 2 kwa kilo wakati mwanzo ilikuwa 5, kwahiyo hata anayewaza kuuza nje hili linamhusu.

Kuhusu vifaa nina ugomvi kidogo na nyie. Mmependekeza bomba la maji la chuma, lile linalong'aa kijivu. Lile limepakwa zinki, na pale kinapokaa kijinga joto linapanda sana hata kama moshi unatoka baridi, zinki hiyo sio ya kuivuta wala kuila. Tumieni kopo la maziwa ya unga, lichomeni kwanza tupu kwenye moto mkali nje mpaka rangi na ile varnishi ya ndani iishe, makopo ya rangi achaneni nayo. Na kile kipampu chenu cha kupulizia moto hewa, cha wanaofuga samaki wa mapambo, ni kizuri ila umeme ukikatika saa nane usiku moto umezima na wewe umelala. Mimi natumia wavu wa stenlesi, unaukunja kuta za urefu wa vidole vitatu hivi, unatengeneza njia inayozunguka ndani kwa ndani bila kuta kugusana, unajaza unga wa mbao mkavu kabisa, unawasha ncha moja kwa mshumaa, ukishika unazima mwali unabaki moshi. Moto unatembea taratibu kwenye ile njia masaa mengi bila umeme wala kelele. Moshi mzuri ni mwembamba, unaelekea kubluu, ukiona mweupe mzito ujue unga una unyevu.

Unga wenyewe ndo balaa zaidi, maana mmesema tu "pata maranda kwa fundi seremala". Fundi gani? Wengi wanapasua paina yenye utomvu, au mbao zilizopigwa dawa ya mchwa ambazo nyingine zina aseniki, au MDF, zile mbao za kiwandani za unga ulioshindiliwa, ambayo ni gundi tupu, na yote yanaanguka sakafu moja. Kata tawi la mpera, mchungwa au mwembe, likauke, pasua mwenyewe kwa msumeno uliofutwa oili.

Na hii kitu iwe nje, sio jikoni wala stoo, moto unaofuka unatoa kabonimonoksaidi na haina harufu.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule ilipotoka makala, sio kwenye kakona ka chini, na mkiweza kabla ya Jumamosi, maana hapa mtaani kwetu kuna jirani ameshanunua sato na bomba.

Msomaji wenu,
Njombe