Kabureta mbili hazifungwi kwa pampu ya injekta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nijibu makala ya magari mliyochapisha hivi karibuni, iliyowashauri wenye magari ya silinda nne yanayotumia injekta wang'oe mfumo huo na kufunga kabureta mbili, wapate kuachana na kompyuta ya injini. Mwandishi alieleza vizuri namna manifoldi mpya inavyofungwa na namna waya wa eksileta unavyounganishwa, na hapo sina la kuongeza. Aliyaruka, hata hivyo, mambo mawili, yaani presha ya mafuta na wakati wa plagi kutoa cheche, nami niliwahi kuharibikiwa injini kwa sababu ya hayo hayo mawili.

Pampu ya gari la injekta, ambayo mara nyingi hukaa ndani ya tangi, husukuma petroli kwa presha ya bar 2.5 hadi 3, na wakati mwingine zaidi, kwa kuwa injekta ina matundu madogo mno ambayo ni lazima mafuta yapite humo kwa nguvu ili yatoke kama ukungu. Kabureta za aina ya Weber DCOE au Dell'Orto hazihitaji nguvu hiyo hata kidogo. Ndani yake mna boya linaloinua sindano ndogo ya kuziba njia pindi bakuli linapojaa, na sindano hiyo hufanya kazi yake vyema presha ikiwa bar 0.2 hivi, ikikutana na presha ya pampu ya injekta hushindwa, na mafuta hufurika.

Fundi aliyenifungia kabureta zangu aliniambia kwamba pampu bado ni nzima na hakuna haja ya kununua nyingine, nami nikamwamini. Siku ya tatu asubuhi nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta oili imepanda juu ya alama ya mwisho kwa karibu upana wa kidole, nyepesi kama maji, na kitambaa nilichofutia kikanuka petroli tupu. Mafuta yaliyofurika yalikuwa yameteremka ndani ya silinda, yakaosha utando wa oili kwenye kuta zake, kisha yakapenya hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuizimua oili yote. Beringi za konrodi zililika kabla sijajua ninachokisikia. Laiti petroli hiyo ingedondokea nje, juu ya ekzosi iliyopata moto, ningekuwa ninaandika habari nyingine kabisa.

Dawa yake ni pampu ya presha ndogo, au rejuleta ya presha ndogo yenye njia ya kurudisha mafuta ya ziada kwenye tangi, pamoja na geji iliyofungwa karibu na kabureta ili mwenye gari aione presha kwa macho yake.

Jambo la pili ni moto wa plagi. Katika magari mengi ya injekta, kompyuta ile ile inayopima mafuta ndiyo pia inayoamua plagi itoe cheche lini, na uamuzi huo hubadilika kila mara kulingana na mzunguko wa injini na mzigo ilioubeba. Ukiing'oa kompyuta bila kuweka mbadala, injini haitawaka kabisa. Ukiiacha mahali pake lakini ukaondoa kipima hewa, kama alivyofanya fundi wangu, kompyuta huingia katika hali ya dharura, na kwangu mimi ilichelewesha cheche kiasi kwamba gari lilikosa nguvu mlimani na ekzosi ikapata joto kupita kiasi. Kinachohitajika ni distributa inayojisogeza yenyewe kadiri mzunguko unavyopanda, au kisanduku cha umeme kinachojitegemea, ambacho fundi anaweza kukipangia taimingi.

Ukishatengeneza hayo mawili, ndipo kazi ya kupatanisha kabureta inapoanza, nayo inataka subira. Kila DCOE ina makoo mawili, hivyo kabureta mbili huipa kila silinda koo lake. Mafundi wengi huanza kwa hesabu ya kuzidisha kipenyo cha sehemu nyembamba ya koo kwa 4 ili kupata jeti kuu, yaani tundu linalopima petroli, na kuongeza 50 ili kupata jeti ya hewa, yaani tundu linalopima hewa: sehemu nyembamba ya milimita 32 hutoa 128, hivyo huelekea jeti kuu ya 130 na jeti ya hewa ya 180, namba hizo zikiwa ni sehemu ya mia ya milimita. Hesabu hiyo ni mahali pa kuanzia tu, kwani tofauti ya sehemu 5 za mia ya milimita hutosha kuifanya plagi iwe nyeusi kwa masizi au nyeupe kwa kukosa mafuta. Nilijifunza kupatanisha makoo kwa kipande cha mpira: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa koo, injini ikinguruma taratibu, huku nikigeuza skrubu hadi mvumo wa kabureta ya kwanza ulingane na wa kabureta ya pili. Sijui kazi nyingine ya gereji inayonipa raha kama hiyo.

Kwa hiyo ninazipenda kabureta, na kila mwenye subira na azifunge. Kinachonisikitisha ni kwamba makala yenu iliwalenga hasa watu ambao gari linawasumbua kuwaka asubuhi au linamisi, wakadhani mfumo mzima wa injekta umekufa, ilhali mara nyingi kasoro huwa ni sensa moja, waya uliooza au injekta iliyoziba. Mtu huyo akifunga kabureta atakuwa na gari linalokula mafuta zaidi, ambalo hewa ikiwa nyepesi kwenye miinuko haliwezi kujirekebisha, na ambalo kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi yake kitaharibika mapema kwa sababu ya mchanganyiko uliozidi petroli. Apimiwe kwanza sensa zake, kisha aamue.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba toleo lijalo la safu hiyo litaje waziwazi kiwango cha presha ambacho kabureta huhimili na lieleze moto wa plagi utaendeshwa na nini baada ya kompyuta kuondolewa, kwa sababu huenda wapo wasomaji walioikata makala ile na kuipeleka kwa fundi kama ilivyo.

Wako mtiifu,
Msomaji na mwenye gari la kabureta mbili