Mdogo wangu, himaya yako haili

Mdogo wangu,

Kaye yako, lile daftari la hadithi yako ya vita, nimeisoma yote, hata kurasa ulizozikata kwa bic nyekundu. Kijana kigego, yule anayedhaniwa kuleta mkosi, anafukuzwa kwao, anaangukia mikononi mwa waasi, anapewa upanga unaowaka, na kufika sura ya tisa Mfalme wa Chuma yuko chini. Nakuandikia waziwazi kwa sababu hapa Lubumbashi, Katuba mpaka Ruashi, wako wengine wanaoandika hadithi za namna hiyo na wote wanakwama palepale. Sura tisa, askari 4,000, na hakuna mahali mtu anasonga bukari, yaani ugali.

Piga hesabu kabla ya kuandika vita. Askari mmoja hesabia kilo moja ya unga kwa siku. Mpagazi abebe kilo 25, lakini naye ana tumbo: akienda siku tano na kurudi siku tano amekula kilo 10, kambini zimefika 15. Kambi ikiwa mwendo wa siku kumi, anafikisha kilo 5 tu. Siku kumi na mbili, mzigo karibu wote umemwishia mwenyewe. Basi kulisha hao 4,000 kwa mwendo wa siku tano kunataka wapagazi kama 2,700 njiani wakati wote. Isogeze kambi hiyohiyo mpaka siku kumi, wanafika 16,000. Wapagazi wanne kwa kila askari! Mfalme gani ana watu hao bila kuwatoa mashambani, na wakitoka mashambani, unga unatoka wapi?

Usiniletee farasi kwa haraka. Ukiweka nchi yenye mbung'o kama ulivyoweka, farasi na punda watakufa. Ama uondoe mbung'o, ama ukubali mizigo iende kwa vichwa vya watu na mitumbwi. Mitumbwi ni bora, maana mto una vivuko, na kivuko kina mwenyewe.

Hesabu ikishamshinda mfalme, atafanya wanavyofanya wafalme wote: jeshi litakula vijiji vya njiani. Uasi wako uzaliwe hapo. Ule utabiri wa mzee kipofu ufute, haubebi kitu.

Mfano uko karibu. Msiri, mfalme wa Wayeke hapa Katanga, alitawala kutoka mji wake wa Bunkeya kwa bunduki na baruti, na baruti ililetwa na misafara ya mbali, ya pwani ya mashariki na ya magharibi. Alikuwa na shaba, chumvi, pembe na watumwa wa kulipia. Wasanga, watu aliowatawala, walipomwasi, hawakuhitaji kuivunja Bunkeya kwa siku moja, kwani mji mkubwa unaolishwa na watu waliouchukia ni mji wenye njaa. Kapteni Stairs, aliyetumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na watu wake walifika Desemba 1891, na tarehe 20 ya mwezi huo Msiri akauawa kwa risasi ya Bodson, ofisa wa Stairs, ambaye naye alipigwa risasi hapohapo akafa. Njaa haikuuliza nani ameshinda: wiki zilizofuata iliwaua hata watu wa msafara wa Stairs. Ukurasa wako wa ushindi hauna kitu cha namna hiyo, asubuhi yake watu wanacheza ngoma tu.

Sasa huyo kigego. Umemfanya mnyonge mwenye moyo safi, na moyo safi hauangushi himaya. Mpe kazi. Mtie kwa wayeyushaji wa shaba, awe mvuta mivuo, kazi ya mtoto ambaye hakuna anayemhesabu. Tanuru la udongo wa kichuguu, makala, malakiti ya kijani, yaani jiwe lenye shaba, mivuo bila kupumzika. Malakiti safi kabisa kilo 100 ina shaba kilo 57 hivi, na tanuru haliitoi yote. Shaba inayeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi: mivuo ikilegea, au makala yakinyeshewa, haishuki ikakusanyika, inabaki vijitone ndani ya mavi yake, yaani takataka za tanuru. Ndiyo maana kazi hiyo ni ya kiangazi, Mei mpaka Oktoba.

Umeona alichonacho mikononi? Tuseme askari wanalipwa kwa misalaba ya shaba, kama ile mitatu ya bendera ya Katanga ya 1960. Msalaba uliomiminwa na mavi ndani unang'aa vilevile, ila ukiupiga unapasuka. Mama muuza samaki akivunjiwa mmoja, wa pili hapokei. Wiki tatu baadaye kambi nzima ina mshahara usionunua kitu. Kijana hajamgusa mtu. Lakini mfalme atawakamata wayeyushaji wote, pamoja na yule fundi aliyempa kazi wengine walipomkataa, na hapo ndipo kijana atachagua upande kwelikweli.

Waluba wana kisa cha namna hiyo katika masimulizi yao, cha mtu aliyemwangusha mfalme Nkongolo. Kalala Ilunga hakutoka porini mikono mitupu: alikuwa mpwa wa Nkongolo, na alikuwa amempigania akapanua nchi yake kabla mjomba hajamwonea wivu na kumchimbia shimo la mikuki chini ya uwanja wa ngoma. Aliyemwokoa ni mpiga ngoma, mtumishi, kwa mdundo tu. Kalala akavuka mto Lualaba, Nkongolo akakwama ng'ambo, na aliporudi alirudi na jeshi la baba yake, Mbidi Kiluwe. Angalia ni mambo mangapi yametegemea watu wadogo na maji.

Upanga unaowaka uache kwanza. Hata mimi naupenda, ila kila ukitokea watu wanaacha kufikiri.

Anza upya sura ya tatu. Ghala liwe siku tano kutoka mji mkuu, mto katikati, umebaki mwezi mmoja mvua zianze. Baruti ikilowa, bunduki ya gobori ni fimbo tu, basi waasi wangoje Novemba, na mfalme ajue wanangoja, awakimbilie kabla hajakusanya unga wa kutosha. Na yule shangazi anayewauzia askari munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, usimuue ukurasa wa pili. Yeye peke yake anajua ni mizigo mingapi imepita wiki hii na mingapi imerudi mitupu.

Yaya yako,
Lubumbashi