Mjomba, ile kanda yako nimeisikia upya

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Tukimaliza salamu, habari za wagonjwa na za mvua, muda umekwisha, na hili nililo nalo linataka nafasi.

Ile kanda uliyorudi nayo kutoka Liverpool enzi zako za ubaharia, unaikumbuka? Haikuwa na jalada. Ilikuwa imenakiliwa kutoka kanda nyingine, nawe ukaandika ubavuni kwa kalamu ya wino jina la bendi ile ya Uingereza: Joy Division. Uliipiga kibandani kwako Tanga, katikati ya redio za watu zilizokuwa zimefunguliwa zikisubiri vipuri. Ukasikiliza kidogo, ukaniambia, "Hawa wameimbia ndani ya kisima." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na maneno yale hayajanitoka.

Mwezi uliopita nimepata toleo maalumu la albamu ile, Unknown Pleasures, lililotolewa mwaka 2007. Zimo sidii mbili. Ya kwanza ni albamu yenyewe, sauti imesafishwa upya. Ya pili ni onyesho lao la tarehe 13 Julai 1979 katika ukumbi wa The Factory, Manchester, mwezi mmoja tu baada ya albamu kutoka. Nimezisikiliza usiku baada ya usiku, na nataka ujue kwamba sikio lako halikukosea. Kisima kile kilikuwepo, na kuna mtu alikichimba kwa makusudi.

Mtu huyo ni Martin Hannett, mtayarishaji wao. Vijana walikuwa wanne: Ian Curtis mwimbaji, Bernard Sumner wa gitaa, Peter Hook wa besi na Stephen Morris wa ngoma. Aprili 1979 waliingia studio ya Strawberry, Stockport, kando ya Manchester, wakitaka kurekodi kishindo kilekile walichokuwa wakikipiga kumbini. Hannett akawa na yake. Alimtaka Morris azitenganishe ngoma zake na kuzipiga moja moja, ili mlio wa hii usivujie kwenye maikrofoni ya ile. Kisha akazipitisha kwenye mashine ya kidijitali ya kuchelewesha sauti, kitu kipya kabisa wakati ule, kila pigo likawa linatoka mbali na kurudi. Katika wimbo wa Insight, sauti ya Curtis ilipitishwa kwenye laini ya simu ili isikike kama ya mtu aliyeko ng'ambo. Na ule mngurumo wa mwanzo wa wimbo huo, ambao ulikufanya usafishe hedi ya kusomea kanda kwa spiriti mara mbili ukidhani redio ina kasoro, ni lifti ya studio. Lifti, mjomba! Walishuka wakairekodi.

Kwenye kanda yetu mambo hayo yote yalizama chini ya mvumo. Sasa yameibuka. Vioo vinavyovunjika katika wimbo wa mwisho vinaanguka karibu na sikio, na besi ya Hook unasikia kila uzi unavyokwanguliwa. Wewe uliniuliza mbona besi inaimba juu kama gitaa. Sababu ni kwamba spika ya Sumner ilikuwa na makelele mno, Hook akawa hasikii besi yake mpaka apande kwenye noti za juu. Akapanda, na hakushuka tena.

Nilikuwa na hofu, nakiri. Hannett alifariki mwaka 1991, kwa hiyo hakuwepo kuilinda kazi yake. Ningekasirika sana kama waliosafisha wangeipasha moto sauti ile na kukifukia kisima. Hawakukifukia. Ubaridi upo, na ule ukimya kati ya pigo na pigo umebaki mpana kama alivyouacha.

Lakini sidii ya pili ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Hook na Sumner hawakuipenda albamu ilipotoka. Walilalamika kwamba Hannett amewapunguzia ukali. Miaka yote niliona ni utoto. Sasa nimewasikia ukumbini, nyimbo zilezile, gitaa limechacha, ngoma zinakwenda mbio, Curtis anapaza sauti kama anagombana na ukuta, na nimeelewa walichokuwa wanakililia. Bado nasema Hannett alikuwa sahihi, maana kishindo cha ukumbini kingeweza kuchakaa, ila sitawaita tena watoto. Nawe hukuwahi kuliona jalada la albamu. Ni mistari myeupe, themanini, kwenye weusi mtupu, mfano wa milima. Ni mapigo ya mawimbi ya redio kutoka nyota iitwayo CP 1919, iliyogunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, na ambayo hupiga kila baada ya sekunde 1.34 hivi. Fundi redio ukabaki na kanda isiyo na jalada lile! Hilo limenisikitisha.

Kuna wimbo mmoja ambao tulikuwa tunauruka. She's Lost Control. Siku uliyonitafsiria maneno yake barazani ulinyamaza katikati, ukaibonyeza redio ikazima, kwa sababu mama mdogo alikuwa ndani amelala baada ya kuanguka. Curtis aliuandika kwa ajili ya msichana mwenye kifafa aliyekutana naye kazini, katika ofisi ya kutafutia watu ajira. Msichana yule alifariki. Mwanzoni mwa 1979 Curtis mwenyewe akaambiwa na madaktari kwamba ana kifafa, akaendelea kuuimba akiwa nacho, mbele ya watu, chini ya taa za jukwaani. Alijiua tarehe 18 Mei 1980, na umri wake ulikuwa miaka 23.

Sasa siuruki. Nausikiliza nikimkumbuka mama mdogo, na majirani waliokuwa wakitawanyika anapoanguka wakisema ni mashetani, na wewe ukipiga magoti peke yako, ukimgeuza ubavu na kumwekea kanga chini ya kichwa. Curtis, kijana yule wa mji wa Macclesfield, alikuwa anaimba juu ya jambo lililokuwa nyumbani kwetu.

Sidii zote mbili nimezifunga kwenye bahasha, shemeji anashuka nazo Tanga Jumamosi. Anza na ya ukumbini, kisha ndiyo uingie kisimani. Na mama mdogo mwambie dawa zake za miezi mitatu zimo humohumo, nitampigia Ijumaa baada ya swala.