Usasa haukuingia China mwaka 1978

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu majengo mapya ya China, na sehemu kubwa sina ugomvi nayo. Kilichonikera ni pale mwandishi aliposema vyuo vya usanifu majengo vya huko viliujua usasa, yaani usanifu unaoacha mapambo ya kale na kufuata matumizi ya jengo, baada ya 1978, milango ya uchumi ilipofunguliwa. Hapo ameruka zaidi ya miaka thelathini.

Ni kweli kwamba walimu wa mwanzo, akina Liang Sicheng, Yang Tingbao na Tong Jun, walisomea Chuo Kikuu cha Pennsylvania miaka ya 1920, chini ya Mfaransa Paul Cret, wakarudi na mafunzo ya Kiparisi. Liang alifungua idara ya usanifu majengo Shenyang mwaka 1928. Katika mafunzo hayo mwanafunzi hulowesha karatasi na kuiwamba ubaoni, huuzimua wino kwa maji hadi uwe hafifu, kisha hupaka tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingojewa ikauke, mpaka kivuli cha kichwa cha nguzo ya Kirumi kitokeze. Tone likianguka pabaya, anaanza upya. Mkono ulifundwa, sibishi. Mtu angeweza kuhitimu akijua nguzo za Roma kuliko nyumba ya kibarua wa Shanghai.

Lakini mwaka 1942, Shanghai ikiwa mikononi mwa Wajapani, Huang Zuoshen alianzisha idara katika Chuo Kikuu cha St. John's. Alikuwa amesoma London, kisha Harvard kwa Walter Gropius, mwasisi wa Bauhaus, shule ya Kijerumani iliyoeneza usasa. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Richard Paulick, Mjerumani aliyefanya kazi na Gropius kule Dessau, Ujerumani, kabla ya kuwakimbia Wanazi. Kwao somo lilianza na vifaa vyenyewe, jinsi vinavyoonekana na vinavyoshikika, na matumizi ya jengo. Nguzo za Kirumi ziliwekwa kando.

Hata Liang aligeuka. Machi 1945 alimwandikia Mei Yiqi, mkuu wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, akasema mafunzo ya Kiparisi yamepitwa na wakati na kupendekeza njia ya Gropius. Mwaka 1947 akakaa meza moja na vinara wa usasa, Le Corbusier na Oscar Niemeyer, kujadili makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Huyo ndiye wa kuambiwa hakuujua usasa?

Kilichouzima ni siasa. Mwaka 1952 vyuo vilipangwa upya kwa mfano wa Kisovieti, St. John's ikavunjwa, idara yake ikahamia Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai. Wataalamu wa Kisovieti walitaka majengo yenye sura ya kitaifa, na wino ule ule ukarudi mezani. Liang naye akaitetea sura hiyo, kisha mwaka 1955 akashambuliwa hadharani kwa mapaa makubwa ya kienyeji yaliyokula fedha za umma. Sijui kama kuna msanifu mwingine aliyekaripiwa kwa kutii.

Tongji haikunyamaza kabisa. Jengo lake la Wenyuan la 1954, lenye paa bapa na pande zisizolingana, bado lipo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Feng Jizhong, aliyesomea Vienna, alifundisha kwamba usanifu uanzie kwenye nafasi ya ndani.

Mwandishi ameahidi sehemu ya pili. Naomba aanzie Shanghai, 1942.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam