Selemani, hiyo karatasi usiisaini kwanza

Denver, 15 Juni 2025

Ndugu yangu Selemani,

Salaam nyingi. Shemeji hajambo? Na wanangu? Huku tu wazima, joto tu ndilo linatukomoa. Najua tumekaa kimya muda mrefu; tutalaumiana siku nyingine, maana ujumbe wako wa sauti haukunipa usingizi. Eti Baba Rehema kakupatia watu wa Denver wanaoanzisha kampuni ya kupeleka bangi majumbani, wewe utoe dola 20,000, upate asilimia 15, uhame Houston uje kuendesha gari lao moja. Halafu unaniuliza, "Huko si halali?"

Halali kwa nani? Jimbo letu la Colorado walipiga kura kuihalalisha bangi Novemba 2012, maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014, lakini sheria hiyohiyo iliuachia kila mji uamue wenyewe. Denver ikafungua mlango mapema. Colorado Springs ikakataa hadi wapiga kura walipogeuka Novemba 2024. Miaka yote hiyo watu wake wakienda kununua Manitou Springs, hapo jirani. Denver nayo mwaka 2016 ikaweka ukomo wa leseni. Tangu hapo leseni ina thamani kuliko mmea, na mwenye ghala lililo mbali na shule, kama sheria inavyotaka, hupanga kodi ya pango anavyotaka.

Leseni ya kupeleka majumbani anayoisema Baba Rehema ipo kweli. Mwaka 2021 jiji liliwatengea leseni hizo hadi 2027 watu walioumizwa na msako wa bangi wa zamani. Ili uingie kundi hilo kwa vigezo vya jimbo, uwe umeishi miaka 15 kati ya 1980 na 2010 kwenye mitaa iliyoainishwa, au wewe au ndugu yako wa karibu mlishakamatwa kwa bangi, au kipato cha kaya kiwe chini ya kiwango. Na mtu huyo amiliki angalau asilimia 51. Sasa kwenu huyo wa 51 ni nani? Ana sauti, au kawekwa mbele kama kivuli huku mkataba wa pembeni ukimnyang'anya kila kitu? Mikataba ya hivyo imezagaa. Wakaguzi wakiinasa, leseni inaota mbawa na dola zako nyuma yake.

Hesabu ndizo zinazoniumiza kichwa zaidi, kwa hiyo nisomee taratibu. Serikali kuu bado inaihesabu bangi dawa ya kulevya, na kifungu cha kodi namba 280E, cha tangu 1982, kinamkataza mfanyabiashara wake kutoa gharama za kawaida kabla ya kodi. Anaruhusiwa kutoa gharama ya bidhaa tu. Chukua duka lililouza milioni 1. Bidhaa zimegharimu 600,000. Pango, mishahara na ulinzi 300,000. Faida halisi ni 100,000, lakini linatozwa kodi kama limepata 400,000. Kwa asilimia 21 hiyo ni 84,000, mkononi zinabaki 16,000. Na hilo ni duka! Msafirishaji hanunui bidhaa, kwa hiyo karibu hana cha kutoa. Mishahara, petroli, bima, vyote vinahesabiwa kana kwamba ni faida. Na kama kampuni yenu ni ya ubia, hiyo kodi haikai kwenye kampuni. Inashuka kwa wenye hisa, wewe na asilimia zako 15, hata kama hujagawiwa senti. Wanaosema Washington inabadilisha daraja la bangi wana lao: pendekezo lilitolewa Mei 2024, na mpaka Juni 2025 hii ni pendekezo tu.

Kazi ya gari usiidharau pia. Kila pakiti ina namba kwenye METRC, mfumo wa jimbo unaofuata mmea tangu ukiwa mche mpaka kaunta. Kila safari ina hati yake. Mlangoni unakagua kitambulisho, na ni nyumba ya mtu binafsi tu, si bweni la chuo. Mteja asipofungua, mzigo urudi dukani uingizwe upya. Hesabu ikipishana ni maswali. Januari 2017 MJ Freeway, programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za maduka ya bangi, ilipovamiwa na wadukuzi, maduka mengi yalikwama, maana kuuza bila kumbukumbu ni kosa.

Na soko lenyewe? Mauzo ya jimbo zima yalifika dola bilioni 2.2 mwaka 2021, yakaporomoka hadi karibu 1.5 mwaka 2023. Walionipa moyo hapa mjini ni wale wasiogusa jani: programu za kaunta, malipo ya mishahara, vifungashio. Huko nako MassRoots, mtandao wa kijamii wa watumiaji wa bangi, walikataliwa na soko la hisa la NASDAQ mwaka 2016, basi ujue.

Lakini hayo yote ni pesa, na pesa hutafutwa. Kilichonikalisha kitako ni kadi yako ya kijani, hicho kibali chako cha ukaazi wa kudumu. Aprili 2019 idara ya uraia ilitangaza kwamba kazi ya bangi, hata jimbo likiiruhusu, inaweza kukufanya uonekane huna mwenendo mwema. Mwezi huohuo Michael Hancock, aliyekuwa Meya wa Denver, aliiandikia serikali kuu Washington, baada ya wahamiaji wawili wa hapahapa Denver, wenye karatasi zao safi, kukwamishwa uraia kwa sababu ya ajira hizo. Fomu ya N-400, ya kuombea uraia, inauliza waziwazi kama umewahi kuuza au kusambaza dawa za kulevya. Utajibu nini? Ukisema ndiyo, umejifunga. Ukisema hapana, umedanganya kwa kiapo. Na hisa hizo 15 zitakuwa na jina lako kwenye kumbukumbu za jimbo. Mimi nimeshaapa kiapo cha uraia, nawatunzia hesabu wafanyabiashara wa bangi kwa amani. Wewe bado.

Sasa nijibu. Umeshasaini chochote? Hela umetuma, au imebaki ahadi ya mdomo? Miaka mitano ya kadi, ya kukuruhusu kuomba uraia, unaitimiza lini? Umeongea na wakili wa uhamiaji, si wa biashara? Baba Rehema mwenyewe kaweka ngapi, au anakula kamisheni tu? Na shemeji anajua?

Nipigie picha mkataba, kurasa zote na viambatisho vya mwisho, unitumie kabla ya Ijumaa. Na mwambie Mwanaidi mzigo wake nimeupata, ila kanga moja haimo.

Wako,
Hamisi